Nitafutaje historia ya sinema ya magari iliyofungwa katika mji mdogo wa Ohio?

MtunzaKumbukumbu aliuliza:

Habari wadau. Tunaandaa kijitabu cha historia ya mji mdogo wa Ohio, Marekani, na sura moja inahusu sinema ya magari iliyokuwa kando ya barabara kuu, kilomita mbili hivi kutoka katikati ya mji. Nazungumzia zile sinema za uwanjani: unalipa getini, unaegesha gari juu ya tuta, unatundika spika kwenye kioo cha dirisha na kutazama filamu ukiwa umekaa garini.

Ilifungwa zamani. Tulicho nacho ni kauli mbili tu za wenyeji: kwamba ilifunguliwa "baada ya vita" na kwamba "video ndiyo iliyoiua". Tarehe hakuna, jina la aliyeijenga hakuna, na idadi ya magari kila mtu anataja yake. Uwanjani kumebaki mnara wa skrini, jengo fupi la matofali ya saruji katikati, na matuta yaliyofunikwa na nyasi. Mwenye kiwanja ametupa ruhusa ya kuingia na kupima.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nyaraka gani zitatupa mwaka wa kufunguliwa na wa kufungwa kwa uhakika? Mabaki yenyewe yanasema nini tukiyapima? Na hilo la video linatosha kuandikwa kama sababu?

Makabrasha alijibu:

Mkuu, anza na ardhi. Jina la sinema hubadilika kila anapoingia mwenye biashara mpya, ila kipande cha ardhi hakihami. Ukitafuta kwa jina utapata nusu ya habari na utadhani ndiyo yote.

Nenda ofisi ya msajili wa hati ya kaunti. Kuna faharasa mbili za majina: ya wauzaji na ya wanunuzi. Anza na mwenye kiwanja wa sasa kwenye faharasa ya wanunuzi, upate hati aliyonunulia. Hati hiyo itakutajia muuzaji. Mtafute naye kama mnunuzi, na urudi nyuma hivyohivyo hadi ufike kwenye hati ya miaka ya 1930. Kila hati nakili maelezo ya mipaka neno kwa neno, kwa sababu mara nyingi uwanja wa sinema ulikatwa kutoka shamba kubwa zaidi, na tarehe ya kukatwa ndiyo dalili ya kwanza kwamba kuna mtu alikuwa na mpango. Angalia pia rehani. Anayejenga sinema hukopa, na rehani husajiliwa hata pale ambapo mkataba wa kukodisha haukusajiliwa. Hapo ndipo watu wengi hukwama: mwenye ardhi alikuwa mkulima aliyebaki na hati yake miaka yote, na mwenye sinema alikuwa mpangaji tu, hivyo jina lake halimo kwenye mnyororo wa hati.

Likikutokea hilo, hamia kwenye daftari za kodi. Ohio, anayekadiria thamani ya ardhi na majengo ni mkaguzi wa kaunti. Daftari hutenganisha thamani ya ardhi na thamani ya majengo. Shamba tupu likipata ghafla thamani ya majengo, ujenzi ulifanyika mwaka huo au mwaka mmoja kabla. Thamani hiyo ikishuka ghafla, kuna kilichobomolewa, kilichoungua au kilichoangushwa na upepo.

Magazeti yatakupa siku yenyewe. Usisome kila ukurasa. Kwanza bana mwaka kwa kutumia kodi na hati, kisha soma matoleo ya Machi hadi Juni ya mwaka huo. Sinema hizi za kaskazini zilifunguliwa msimu wa joto ukianza, na tangazo la ufunguzi lilikuwa kubwa, mara nyingi robo ukurasa, likiwa na majina ya mafundi, wauza mabati na kampuni ya umeme wakitoa pongezi. Orodha hiyo ya pongezi ni hazina, maana inakutajia nani alijenga nini. Kwa Ohio, mikrofilamu za magazeti ya kaunti zimehifadhiwa na Ohio History Connection kule Columbus, na maktaba ya kaunti kwa kawaida ina za kwake.

Kwa kufungwa kuwa mwangalifu zaidi. Sinema ya msimu haitangazi kufungwa. Inafunga Septemba au Oktoba kama kawaida, halafu mwaka unaofuata haifunguliwi. Kwa hiyo tafuta tangazo la mwisho la filamu, kisha soma Aprili hadi Juni ya mwaka uliofuata kuthibitisha kwamba ni kimya. Andika hivi: "onyesho la mwisho lililotangazwa lilikuwa tarehe fulani". Usiandike "ilifungwa tarehe fulani" kama hakuna karatasi inayosema hivyo.

Mwisho, machapisho ya biashara ya sinema. Jarida la Boxoffice lilikuwa na habari fupifupi kutoka kila jimbo: nani kanunua sinema gani, nani kaongeza skrini, nani kabadilisha projekta. Film Daily Year Book iliorodhesha sinema za magari jimbo kwa jimbo. Sehemu kubwa ya machapisho haya imeskaniwa na Media History Digital Library na kusomwa ni bure. Tafuta kwa jina la mji, kwa sababu majina ya sinema yanakosewa herufi mara nyingi mno. Idadi ya magari iliyochapishwa humo ni ile aliyoitoa mwenye sinema mwenyewe, na wenye sinema walipenda kukuza. Ilinganishe na uwanja.

MpimaArdhi alijibu:

Naongezea upande wa ramani na picha za angani, maana sinema ya magari ni moja ya vitu rahisi kuvitambua kutoka juu: matuta yaliyopinda kama kipepeo cha mkono kilichofunguliwa, yote yakitazama sehemu moja.

Ramani za USGS (shirika la jiolojia la Marekani) za kipimo cha 1:24,000 mara nyingi huonesha sinema hizi kwa jina au kwa umbo la matao. Zote za zamani ziko kwenye mtandao wa topoView, bure. Kuna siri moja ya kuzisoma. Matoleo yaliyorekebishwa kwa picha za angani, hasa ya miaka ya 1970 na 1980, yalichapisha mabadiliko kwa rangi ya zambarau. Sinema ikiwa nyeusi ilikuwapo ramani ya awali ilipochorwa; ikiwa zambarau iliongezwa baadaye. Ila ramani haithibitishi kwamba ilikuwa inafanya kazi. Umbo la matuta liliendelea kuchorwa hata baada ya biashara kufa.

Picha za angani zinathibitisha zaidi. Wizara ya kilimo ya Marekani ilianza kupiga picha mashamba tangu miaka ya 1930, kwa kawaida kwa kipimo cha 1:20,000, na nyingine utazipata kwenye mtandao wa EarthExplorer wa USGS. Kwa kipimo hicho, uwanja wa mita 200 unachukua sentimita moja kwenye picha, kwa hiyo omba skani yenye ubora wa juu au utaona doa tu. Tafuta picha ya mwisho inayoonesha shamba na ya kwanza inayoonesha matuta. Mwaka wa kufunguliwa uko katikati yao. Kwa miaka ya mwisho, angalia njia za magari: uwanja unaotumika una mistari myeupe ya changarawe kati ya matuta, na uliotelekezwa hufunikwa na kijani kibichi ndani ya misimu miwili au mitatu.

Ramani za bima ya moto za Sanborn usizitegemee sana hapa. Zilichora miji, na sinema hizi zilikaa nje ya mpaka wa mji ambako ardhi ilikuwa rahisi.

FundiProjekta alijibu:

Kwa mabaki, chukua futi kamba ya mita 50, kamera, daftari na brashi ngumu. Piga picha kila kitu kabla ya kugusa.

Matuta kwanza. Pima kutoka kilele cha tuta moja hadi kilele cha lingine. Kiwango kilichozoeleka kilikuwa mita 11.5 hadi 12, yaani urefu wa gari pamoja na njia ya kupita nyuma yake. Mteremko wa tuta huinua pua ya gari ili dereva na wa nyuma wote waione skrini juu ya paa la gari lililo mbele. Matuta ya mbele huinuka zaidi kuliko ya nyuma, kwa sababu aliye karibu anatazama juu zaidi. Mpango huo wa matuta ndio ulikuwa kiini cha hataza ya Richard Hollingshead, namba 1,909,537, iliyotolewa 16 Mei 1933, wiki tatu kabla hajafungua sinema ya kwanza ya aina hii karibu na Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni. Mahakama ya rufaa iliibatilisha hataza hiyo mwaka 1949, na kuanzia hapo mjenzi hakuwa na sababu ya kulipa mrabaha. Kama sinema yenu ni ya kabla ya 1949, tafuteni kwenye karatasi kama kuna leseni au kesi. Hapo patakuwa na majina.

Idadi ya magari: tafuta vishina vya nguzo za spika. Kila nguzo ilibeba spika mbili, moja kwa gari la kushoto na moja kwa la kulia, hivyo nguzo mara mbili ni magari. Kama nguzo zimeng'olewa, piga piga ardhi kwa fimbo ya chuma kila mita 5.5 juu ya tuta. Utagonga mguu wa zege. Kama hata zege haipo, pima urefu wa kila tao na ugawe kwa mita 2.7, upana wa nafasi ya gari moja. Tuta la mita 90 ni magari 33. Usisahau kutoa pengo la nyuma ya jengo la katikati, pale ambapo gari lisingeona skrini.

Sasa jengo hilo. Kwa kawaida ni kantini na chumba cha projekta chini ya paa moja. Simama mbele ya ukuta unaotazama skrini na uhesabu matundu. Kila projekta ilihitaji mawili: moja la kutolea mwanga, moja la fundi kuchungulia. Matundu manne ni projekta mbili. Mbili zilihitajika kwa sababu filamu ya milimita 35 huenda futi 90 kwa dakika, na rili ya futi 2,000 inaisha kwa dakika 22 hivi. Alama ndogo ikitokea kwenye kona ya juu kulia ya picha, fundi anawasha mota ya projekta ya pili. Alama ya pili ikitokea sekunde chache baadaye, anahamisha picha. Ukikuta matundu mawili kati ya manne yamezibwa, na sakafuni kuna alama za sahani kubwa ya kulalia filamu, basi walihamia mfumo wa filamu nzima kuunganishwa pamoja na kuendeshwa na projekta moja. Hayo ni mabadiliko ya kuanzia miaka ya 1970.

Tazama paa juu ya kila tundu: kuna bomba la kutolea moshi? Taa za kaboni, yaani taa za projekta zilizowaka kwa vijiti vya kaboni, zilitoa moshi na gesi, na bila bomba fundi angeugua. Halafu piga magoti ufagie kwa brashi pembe za sakafu. Mafundi waliangusha vipande vya kaboni vilivyobaki, vijiti vyeusi vya unene wa penseli vilivyopakwa shaba, na matone madogo ya shaba iliyoyeyuka yanaganda kwenye saruji. Ukivikuta, taa za kaboni zilitumika humo, hata kama mashine zote zimeuzwa.

Vifuniko vya chuma vinavyoangukia matundu, vilivyoning'inizwa kwa kiungo kinachoyeyuka kwa moto, vilikuwa kwa ajili ya filamu za nitreti, zinazoshika moto kwa urahisi, ambazo Kodak iliacha kuzitengeneza mwaka 1951. Lakini usiseme "lina vifuniko, basi ni la kabla ya 1951". Kanuni za zimamoto ziliendelea kuvitaka baada ya hapo.

MtunzaKumbukumbu:

Asanteni sana wakuu. Picha tulizo nazo zinaonesha matundu manne, mawili yamezibwa kwa tofali. Jambo jingine: mnara wa skrini una nguzo nene katikati, na pande zote mbili kuna nguzo nyembamba za aina nyingine, kama vile zimeongezwa. Mabati ya pembeni nayo hayalingani na ya kati. Ni ukarabati wa dhoruba?

FundiProjekta alijibu:

Inawezekana, ila kabla ya kuandika dhoruba, pima. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 picha ya sinema ilikuwa ya uwiano wa 1.37 kwa 1, yaani upana kwa kimo. Mwaka 1953 studio ya Fox ilileta CinemaScope, picha pana ya 2.55 na baadaye 2.35 kwa 1, na sinema za magari zililazimika kupanua skrini. Njia ya haraka ilikuwa kuongeza mabawa kushoto na kulia bila kugusa kimo.

Chukua kimo cha sehemu ya mabati uzidishe kwa 1.37. Ukipata upana wa sehemu ya kati yenye nguzo nene, hiyo ndiyo skrini ya asili. Mfano: kimo mita 11, kati mita 15. Sasa zidisha kimo kilekile kwa 2.35: karibu mita 26. Upana wote pamoja na mabawa ukikaribia hapo, mnao ushahidi wa mambo mawili kwa mkupuo: mnara ni wa kabla ya 1953 au 1954, na mabawa ni ya baada. Dhoruba haiharibu pande mbili sawasawa kwa kipimo.

Upanuzi huo ulileta tatizo la mwanga. Eneo la mita 15 kwa 11 ni mita za mraba 165; la 26 kwa 11 ni 286. Mwanga uleule ukitawanywa hivyo, picha inafifia, hata kama lenzi mpya inasaidia kidogo. Ndiyo maana miaka hiyohiyo utakuta kwenye Boxoffice habari za sinema kununua taa kubwa zaidi na rektifaya mpya (kifaa cha kugeuza umeme wa AC kuwa DC kwa ajili ya taa). Kama tarehe ya taa mpya mnayo, mabawa yako karibu nayo.

Angalieni pia mnara unavyolala. Ukuta wa skrini kwa kawaida huinamia mbele kidogo kwa juu, kwa sababu projekta iko chini na inapiga kwenda juu. Bila mwinamo huo picha ingekuwa pana juu na nyembamba chini. Pimeni kwa timazi.

MpimaArdhi alijibu:

Na uelekeo wake upimwe kwa dira. Uso wa skrini mara nyingi ulitazama mashariki au kaskazini ili jua la jioni lisiupige, hivyo waliweza kuanza filamu mapema kidogo. Skrini inayotazama magharibi ni ya kujiuliza: ama umbo la kiwanja liliwalazimisha, ama hiyo ni skrini ya pili iliyoongezwa baadaye.

SautiYaUwanja alijibu:

Hakuna aliyegusa sauti, na sauti ndiyo saa nzuri ya kupimia umri.

Sinema za miaka ya 1930 ziliweka vipaza sauti vikubwa kwenye skrini. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo gari lililo mita 170 nyuma lilisikia nusu sekunde baada ya midomo kusogea, yaani picha 12 nyuma, kwa kuwa filamu huenda picha 24 kwa sekunde. Majirani nao walisikia kila kitu, na malalamiko yao yamo kwenye kumbukumbu za mabaraza ya miji. Kampuni ya RCA ilileta spika ya ndani ya gari mwaka 1941, lakini Vita ya Pili ya Dunia ikazuia vifaa, na zilisambaa baada ya 1945. Kwa hiyo uwanja wenye nguzo za spika tangu mwanzo unakubaliana na ile kauli ya "baada ya vita".

Kwenye nguzo tafuteni sanduku la alumini lililobaki. Ndani yake kulikuwa na transfoma ndogo, kazi yake kuilinda laini: waya wa spika moja ukigusana, safu nzima isizimike. Jina la mtengenezaji limechorwa kwenye chuma chenyewe: RCA, Eprad ya Toledo, Ballantyne ya Omaha na wengine. Jina pamoja na aina ya sanduku hukupa "si kabla ya mwaka fulani". Halikupi mwaka wa kufunguliwa, kwa sababu spika ziliibiwa, madereva waliondoka nazo zikiwa bado dirishani, na wenye sinema walinunua za mtumba kutoka kwa wenzao waliofunga.

Ukikuta bomba la waya nene kuliko linalohitajika kwa spika, huenda walifunga vijoto vya umeme vya ndani ya gari ili kurefusha msimu hadi baridi. Tafuta tangazo la gazeti la Novemba au Desemba kuthibitisha.

Hatua ya mwisho ni redio. Kwanza waya wa antena wa AM ukipita kwenye matuta, baadaye FM kutoka chumba cha projekta. Sheria ya mawasiliano ya Marekani inaruhusu kirushio cha FM bila leseni ikiwa nguvu yake haizidi mikrovolti 250 kwa mita, ukipima umbali wa mita 3. Ni ndogo sana, ndiyo maana sinema kubwa zilihangaika na magari ya nyuma. Nguzo zilizokatwa kwa msumeno chini kabisa, zote kwa kimo kimoja, ni dalili ya mwenye sinema aliyehamia redio na kutaka urahisi wa kufyeka nyasi. Maana yake ni kwamba uwanja uliendelea kufanya kazi baada ya spika.

HesabuZaMlangoni alijibu:

Nije kwenye hilo la video. Kwa sasa msiliandike. Linganisheni miaka kwanza.

Idadi ya sinema za magari Marekani ilifika kilele mwaka 1958, zaidi ya 4,000, na ikaanza kupungua. Mashine za video zilikuwa kwa kaya chache mwanzoni mwa miaka ya 1980 na zikavuka nusu ya kaya mwishoni mwa muongo huo. Kama onyesho lenu la mwisho lilitangazwa 1974, video haihusiki. Kama ni 1986, video inahusika, lakini sinema ambayo imekuwa ikipungukiwa kwa miaka 20 haikuuawa na kitu kimoja.

Kuna mambo ambayo kila moja lina karatasi yake. La kwanza na kubwa ni ardhi. Sinema ya magari 400 hivi ilikula hekta nne hadi sita, tambarare, kando ya barabara kuu, yenye maji na umeme. Ilipojengwa ilikuwa nje ya mji. Mji ulipoifikia, hiyo ndiyo ardhi ambayo duka kubwa au kiwanda kilihitaji, na kodi yake ilipanda kufuata thamani hiyo. Sinema inaingiza pesa usiku tu, miezi sita au saba kwa mwaka. Tazameni daftari za kodi za miaka kumi ya mwisho. Thamani ya ardhi ikiwa imepanda mara kadhaa huku ya majengo imelala, sababu mnayo mkononi. Kisha mwangalie aliyenunua ndani ya miaka miwili baada ya onyesho la mwisho.

Pili ni saa. Sheria ya muda ya mwaka 1966, iliyoanza kutumika 1967, iliweka saa za kiangazi, yaani kusogeza saa mbele kwa saa moja, kwa utaratibu mmoja. Ohio mwishoni mwa Juni jua huzama karibu saa tatu usiku. Giza la kutosha ni saa tatu na nusu au zaidi. Programu ya filamu mbili na mapumziko inamalizika saa saba usiku au baada ya hapo, siku za kazi familia hazitoki. Lakini chunguzeni mji wenu: kabla ya sheria hiyo baadhi ya miji ilikuwa tayari inasogeza saa kwa uamuzi wake, na hapo 1967 haikubadilisha kitu. Tangazo la gazeti huandika saa ya kuanza. Linganisheni Julai 1965 na Julai 1968. Na mtu anayeandika juu ya Arizona asitumie sababu hii kabisa, jimbo hilo liliacha saa za kiangazi tangu 1968.

Tatu ni filamu zenyewe. Wasambazaji walitoa filamu mpya kwanza kwa sinema za ndani zilizoonesha mara kadhaa kwa siku, na sinema ya onyesho moja kwa usiku ikapata za wiki kadhaa baadaye. Matangazo yanasema wazi. Kwa kila mwaka, chukua wiki mbili za Julai, andika majina ya filamu na umri wake tangu kutolewa. Umri ukipanda mwaka hadi mwaka, au programu ikihama kutoka filamu za familia kwenda za watu wazima tu, mnaona biashara ikishuka miaka mingi kabla ya lango kufungwa. Hiyo jedwali moja ina thamani kuliko kurasa kumi za kumbukumbu za mdomo.

Gharama ya projekta za kidijitali ilifunga nyingi kuanzia 2013, studio zilipoanza kuacha kusambaza filamu za milimita 35. Kwa yenu ya zamani haihusu.

Makabrasha alijibu:

Nikubaliane na HesabuZaMlangoni, na niongeze jambo ambalo vijitabu vya namna hii hulikwepa. Tafuteni nani aliruhusiwa kuingia. Sehemu za Kusini, baadhi ya sinema za magari ziliwatenga watu weusi kwa lango lao na sehemu yao ya uwanja, na nyingine ziliwakataa kabisa. Ohio ilikuwa na sheria ya jimbo dhidi ya ubaguzi kwenye kumbi za burudani tangu karne ya 19, lakini sheria kuwapo na sheria kufuatwa ni mambo mawili. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ilitaja nyumba za sinema moja kwa moja. Someni magazeti ya jamii ya weusi ya miji mikubwa iliyo karibu, mfano Call and Post la Cleveland, kwa jina la mji wenu, na rekodi za mahakama ya kaunti. Msipokuta kitu, msiandike kwamba ubaguzi haukuwapo. Andikeni mlipotafuta.

FundiProjekta alijibu:

La mwisho kabla hamjaenda uwanjani. Minara mingi ilifunikwa kwa vibao vya saruji ya asbesto; vinaonekana kama vigae vya kijivu, vigumu na vinavyovunjika kwa ncha kali. Msivikate, msivitoboe, msivipige brashi. Rangi nyeupe ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo msiikwangue kutafuta tabaka za chini. Transfoma na kapasita za kabla ya 1979 chumbani zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali yenye sumu; mkiona mafuta yamevuja, yaacheni na mpige picha kutoka mlangoni.

Mkikuta filamu kwenye makopo, angalieni ukingo wake kama umeandikwa kwamba ni filamu salama ("safety film"). Harufu ya siki ni ya asetati, yaani hiyo filamu salama, inayooza: inaharibika, ila si ya hatari ya moto. Yenye unga wa kahawia au inayonata bila maandishi hayo ichukuliwe kuwa nitreti. Ikae mbali na joto, isisafirishwe kwenye buti la gari, na zimamoto wa mji waitwe.

Na mnara usipandwe. Kimo kipimwe kutoka chini: simama mita 20 kutoka kwenye msingi, pima pembe ya kilele kwa klinomita (kipima pembe) ya simu, zidisha 20 kwa tanjenti ya pembe hiyo, ongeza kimo cha jicho lako. Rudieni kutoka mita 30. Tofauti ikizidi nusu mita, ardhi ina mteremko, pimeni kwanza tofauti ya usawa kati ya miguu yenu na msingi wa mnara.